Redio Yenye Mahali pa Televisheni

Mume wangu Liberatus alikuwa na ugonjwa wa kupenda vitu vyenye milango. Kabati lisilo na mlango kwake ni rafu ya maskini. Angepata kofia yenye mlango angeivaa kanisani. Kwa hiyo siku muuza redio Jailos alipoteremsha mbele ya nyumba yetu pale Iringa redio yenye miguu minne na milango mitatu, nilijua mwanaume amekwisha.

Ilikuwa mwaka 1976, tunahama. Liberatus alikuwa karani wa ghala, akahamishiwa kwenye shamba la mpunga huko Ubaruku, nchi ya Usangu, mbele ya Rujewa. Ukarani ni uleule na panya wa ghala ni walewale, lakini tangu barua ya uhamisho ifike alianza kutembea kama mtu aliyepewa mkoa. Kilichomvimbisha kichwa zaidi ni kwamba nyumba ya huko ilikuwa na umeme.

"Mama Yudith," akaniambia, "nyumba yenye umeme haiingizwi redio ya mawe."

Redio ya mawe ilikuwa yangu. Niliinunua kwa jasho la kushona, kabla hajanioa. Mawe, yaani betri, yakichoka nilikuwa nayaanika juani, yakapata nguvu ya siku mbili tatu tena. Kishikio kilikuwa kimekatika nikakifunga kwa uzi wa gunia. Urembo haikuwa nao, lakini ilikuwa inasema, na mimi nilihitaji redio inayosema.

Nilihitaji kwa sababu ya mama yangu, Severina. Alikuwa Kalenga, kwa kaka yangu Yohane, miguu imevimba, pumzi anaitafuta kama mtu anayepanda mlima huku amelala. Nilikwenda kumuaga wiki moja kabla ya safari. Nikamsalimu kamwene, salamu ya kwetu, akaitika, akanishika mkono asiuachie.

"Huko unakokwenda barua zinafika?" akaniuliza.

"Zinafika, mama. Ila zinachelewa."

"Mimi sitachelewa," akasema. "Yohane atalipeleka jina langu redioni. Wewe sikiliza vifo, mchana na jioni, usiache hata siku moja. Nisije nikaoshwa na wake za watu na wewe uko hai."

Kwetu mama huoshwa na binti yake. Mama alizaa wengi, tukabaki wawili, Yohane na mimi, na binti ni mimi peke yangu. Nikamwahidi nitasikiliza. Niliporudi nyumbani nikamweleza Liberatus kila neno, naye akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Basi ikaja habari ya kuchagua redio ya nyumba mpya. Wa kwanza kuja alikuwa Sedekia, fundi redio wa pale mjini. Sedekia huyu ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikuwa unamjua kwa jina. Ukimpelekea redio leo, mwakani utaikuta kwake imetolewa moyo, moyo umewekwa kwenye redio ya mtu mwingine, na huyo mwingine naye yuko njiani kuja kulalamika. Simsifu. Lakini aliigeuza redio yangu, akaigongagonga mgongoni, akasema, "Mama, hii nzima. Nunua mawe mapya, huko Usangu funga waya mrefu juu ya mti, basi. Itasema mpaka uichoke."

"Nyumba ina umeme," Liberatus akamwambia.

"Umeme wa serikali au wa jenereta?"

Liberatus akamtoa nje. Alisema hawezi kukaa kuhojiwa na mtu anayenuka mianzi.

Wa pili ndiye Jailos. Huyu alitoka Mbeya na gari dogo la mizigo, amevaa suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni vya soli nene vilivyomfanya atembee kama kuku aliyefungwa kamba. Alikuwa anawinda watu wanaohama. Anayehama huona aibu kwa vyombo vyake vya zamani, na Jailos aliinusa aibu hiyo toka barabarani. Alimwita mume wangu "mheshimiwa" kabla hajajua jina lake. Nikaona Liberatus anaanza kulainika kama ugali uliozidi maji.

"Mlango huu, mheshimiwa, ni redio," Jailos akafungua. "Stesheni za dunia nzima. Mlango huu ni santuri. Na mlango huu..." Hapo akaufungua polepole. Ndani mlikuwa na nafasi tupu, imetandikwa kitambaa cha kijani. "Hapa ni mahali pa televisheni."

"Mbona hamna kitu?" nikauliza.

"Kioo kitakuja, mama. Unguja wameshaanza, wanaangalia watu wakicheza ngoma ndani ya sanduku. Bara ni suala la muda. Siku hiyo wenzenu watakimbilia madukani kununua mashine mpya. Ninyi mnapachika kioo tu."

Liberatus aliwahi kwenda Unguja na wenzake wa ushirika. Televisheni aliiona kwa kupitia dirisha la mtu, mpaka mwenye nyumba alipovuta pazia. Tangu siku ile alikuwa anaizungumza kama mtu anayemkumbuka mchumba. Sasa alipiga magoti mbele ya lile tundu tupu, akaingiza kichwa ndani, akatazama. Sijui aliona nini. Mimi niliona kabati la kuwekea vikombe.

"Na mawe yanaingia wapi?" nikauliza tena.

Jailos akacheka kwa adabu. "Hii haili mawe, mama. Hii inakula umeme."

"Na umeme ukizimwa?"

Alimtazama Liberatus kwa huruma, mwanaume kwa mwanaume, jinsi wanavyotazamana wakati mwanamke ameuliza jambo ambalo hawana jibu lake.

Nikamvuta mume wangu pembeni, nikamkumbusha habari ya mama. Nikamwambia chukua kabati lako, ila redio yangu niachie. Akasema haiwezekani kwa sababu ameshaitoa kwa Jailos iwe nyongeza. Ameshaitoa! Nilitoka mbio nikakuta Jailos ameiweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake, ameifungulia, inasoma habari. Muuza redio ya dunia nzima aliondoka pale akisikiliza redio yangu.

Siku ya safari lile kabati lilikaa mbele, kati ya dereva na Liberatus, limefunikwa shuka letu la harusi. Mimi na Yudith, ambaye alikuwa bado ananyonya, tulipanda nyuma juu ya magodoro. Baridi ya Makambako ilitupiga mpaka mtoto akawa hana sauti ya kulilia. Kila lori lilipoingia shimoni nilimsikia Liberatus akiuliza, "Iko salama?" Alikuwa anamuuliza dereva, kuhusu redio.

Tulifika Ubaruku tukakuta umeme, ndiyo. Ulikuwa umeme wa jenereta la shamba. Mchana ulifanya kazi ya kukoboa mpunga, na nyumba za wafanyakazi zilipewa jua likizama, kwa muda wa kula na kuoga, halafu ukazimwa. Sedekia mlevi aliuliza swali moja tu maishani mwake, nalo likawa hilo.

Kwa hiyo mchana, wakati nchi nzima inasikia habari na matangazo ya vifo, mimi nilikuwa na kabati la miguu minne lililokaa mahali pa viti viwili. Nilitia vitunguu mahali pa televisheni. Liberatus akavitoa kimoja kimoja, akasema harufu itaharibu kioo. Kioo chenyewe kilikuwa bado hakijatengenezwa.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Umeme ukija, Liberatus anaketi mbele ya mashine yake na kutafuta stesheni za mbali. Anapata lugha ambayo hajui hata salamu yake, anaisikiliza huku akitikisa kichwa kukubaliana nayo. Nikimwambia fungua matangazo ya vifo, anasema, "Vifo havifunguliwi kwenye mashine mpya. Ni mkosi." Siku nyingine nilishinda kwa ugomvi, siku nyingine alishinda yeye. Ahadi yangu kwa mama ikawa inategemea mume wangu ameamkaje.

Majirani zetu wa karibu walikuwa Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe zao, Malimi na mkewe Ng'washi. Ng'washi alikuwa ananiletea maziwa kila asubuhi, tukawa tunakaa kuzungumza. Nilimsimulia habari za mama, za miguu yake, za Kalenga, za Yohane. Malimi alikuwa na redio ndogo ya mawe, ndugu wa ile yangu, ameining'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Aliondoka nayo alfajiri kwenda machungani na kurudi nayo jua likiisha. Liberatus akiiona alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Redio ya kuwaimbia ng'ombe," anasema. Aliwaambia watu wote wa shamba kwamba yeye ana mashine ambayo hata karani mkuu hana, na kwamba wakati wowote itaanza kuonyesha picha, waje tu.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwomba Malimi anisikilizie. Kwetu kumtuma mtu akuletee kifo cha mama yako ni kukiita. Tena kifo cha mzazi hakiletwi na jirani. Kinaletwa na ndugu wa damu, na ndugu akiwa mbali, redio ndiyo inasimama mahali pake. Wasukuma nao walikuwa na mwiko huohuo. Wote tulikuwa watu wenye adabu zetu.

Alhamisi moja jioni alikuja mgeni, Bwana Maganga, mkubwa wa Liberatus pale ghalani. Umeme ulipowaka nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, "Baba Yudith, leo nifungulie matangazo. Toka asubuhi moyo wangu hauko mahali pake."

"Mbele ya mkubwa?" akasema. "Unataka akumbuke nyumba yangu kwa vifo?"

Akaweka santuri ya dansi. Alikuwa nazo mbili, na moja ilikuwa imekwaruzwa, ikifika katikati inarudia neno lilelile. Bwana Maganga alipiga miayo kwa heshima. Ule muda wa matangazo ukapita, na muziki ukirudia neno lake, mpaka jenereta likazimwa.

Kesho yake, Ijumaa, Ng'washi alileta maziwa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuniachia upesi. Akanitazama usoni, akatazama mlango wa chumba, kama anatafuta mzigo uliofungwa. Nikampa kibuyu chake na malipo yake ya maziwa, akayakataa.

"Leo hapana, mama Yudith," akasema. "Gari limekosekana?"

"Gari gani?"

Akainama. Akasema, "Haya, jioni tutakuja." Nikafikiri naye ameingiwa na tamaa ya kuona televisheni. Nikamdharau kidogo, nikaingia ndani kuendelea na kazi zangu.

Jioni walikuja kweli. Kwanza wanawake, kanga viunoni, mmoja na ungo wa mchele, mwingine na mzigo wa kuni, Ng'washi na kuku mweupe kwapani. Nyuma yao wanaume, Malimi akisukuma baiskeli yake polepole. Waliingia bila kelele. Kila mmoja alinipa mkono na kuubana.

Liberatus alikuwa anang'aa. "Umeona?" akaninong'oneza. "Nilikwambia wataanza kuja." Akapanga viti kuelekea mashine, watoto mbele, wazee nyuma. Wanawake hawakukaa vitini, walikaa sakafuni, miguu wameinyoosha. Akawaambia, "Jamani, picha bado, tuwe wakweli. Kioo kiko njiani. Lakini sauti mtaisikia." Umeme ukawaka. Akafungua mlango wa santuri, akaweka ile iliyokwaruzwa, akaongeza sauti.

Dansi likalia. Mzee mmoja aliyekuwa ameshavua kofia akaitazama kofia yake, akawa hajui aivae au afanyeje. Wanawake wakatazamana. Ng'washi akainuka, akaenda mpaka kwenye mashine, akaushika ule mkono wenye sindano akauondoa juu ya santuri. Ikabaki inazunguka kimya.

"Baba Yudith," akasema, "hata siku ya msiba?"

"Msiba wa nani?" Liberatus akauliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ule ungo wa mchele mikononi, na nikauelewa mchele, nikazielewa kuni, nikamwelewa yule kuku. Nikauliza hata hivyo.

"Ng'washi, nani amekufa?"

Akaja akaniondolea ungo. "Mayu," akaniita kwa lugha yao, "mama yako. Malimi alisikia jana mchana, huko machungani, akarudi na ng'ombe kabla ya saa. Ilisema Severina wa Kalenga, ikataja Yohane, ikataja wewe, Tekla wa Ubaruku. Ilisema kuzika ni leo saa nane."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie mimi?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ninyi redio yenu kubwa kushinda zote hapa. Sisi tulisema, kama hii ndogo ya Malimi imesikia, ile kubwa imesikia zamani. Tulingoja kuona unasafiri. Ikafika leo hujasafiri. Tukasema gari limekosekana, basi twende tumlilie hapahapa."

Saa nane mchana. Nilijua saa nane nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa na kitambaa chenye mafuta ya taa, nafuta vumbi kwenye miguu ya lile kabati, kwa sababu nilifikiri jioni tutakuwa na wageni wa televisheni. Wake za watu walikuwa wameshamwosha mama yangu toka asubuhi.

Nililia. Wanawake wakanipokea, wakanikalisha katikati yao. Na Liberatus, unafikiri alifanya nini? Alikwenda kwenye mashine. "Majina hufanana," alikuwa anasema, "majina hufanana sana." Akazungusha kile kidude, akaipita dunia nzima, mpaka akaipata stesheni ya taifa ambayo kila mchunga ng'ombe wa Usangu alikuwa anaipata bila kutafuta. Ulikuwa wakati wa matangazo ya vifo. Watu wote wakanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, nikataka nilisikie jina lake hata mara moja.

Wakasoma mtu wa Tabora. Wakasoma mzee wa Bukoba na watoto wake wote. Wakasoma mwalimu wa Tunduru. Mama yangu hawakumsoma. Alikuwa ameshazikwa, ameshatoka kwenye zamu.

Liberatus akafunga ule mlango taratibu asije akauumiza. Akakohoa. Akasema, mbele ya watu wote, "Televisheni ikija, matatizo haya hayatakuwepo. Mtu ataona mazishi kwa macho yake akiwa nyumbani kwake."

Nimeishi na yule bwana miaka mingi, nimesikia mengi kutoka kinywani mwake, lakini hilo ndilo nitakalokwenda nalo kaburini. Malimi, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, alisimama akasema chumba cha msiba hakina nafasi, vyombo vitoke nje, mikeka itandikwe. Ndivyo inavyofanyika kila mahali, viti na meza hutolewa, wanawake wakalala chini na mfiwa. Wanaume wanne wakalishika kabati kila mmoja mguu wake. Liberatus alikuwa anazunguka kati yao akisema umande, jamani, umande. Wakaliweka uani karibu na kuni. Kuku mweupe hakuwa na pa kulala, basi Ng'washi akamfungulia mlango wa tatu, akamtia mahali pa televisheni. Alipaenea vizuri kabisa.

Alfajiri Malimi alinipeleka kwa baiskeli mpaka barabara kuu, mimi na Yudith mgongoni, nikapata lori la kwenda Iringa. Liberatus hakuja. Alisema ruhusa ya kazini haipatikani ghafla. Nilipogeuka nyuma nilimwona uani, analifunika kabati lake kwa blanketi letu.

Nilifika Kalenga jua limeelemea. Kaburi lilikuwa bado na udongo mbichi, na watu wameanza kutawanyika. Yohane alinijia mbio mpaka njiani. Hakunikumbatia kwanza. Alinishika mabega, macho mekundu, akanitazama kama mtu anayetaka nimpe jibu lolote ambalo ataweza kulisamehe.

"Tulitangaza mchana, tukatangaza jioni," akasema. "Tumemkalisha mama bila kumwosha mpaka tumeshindwa, tunasema Tekla anakuja, Tekla yuko njiani. Dada, kwani huko hamna redio?"

"Tunayo, Yohane," nikamjibu. "Tunayo kubwa kushinda zote."